Alama Nyeusi Unyayoni: Majibu kwa Madai Kuhusu Melanoma na Tiba Zake

Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Huku Afrika Mashariki haizungumzwi sana, na inapozungumzwa, sauti zinazosikika zaidi ni za wauza dawa: ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu, kipindi cha redio kilicholipiwa, jirani aliyesikia kwa jirani. Madai yenyewe yanajulikana, kwa hiyo nayajibu moja moja. Sina ugomvi na mimea, wala na kila anayeitwa mganga. Ninachopinga ni kumpotezea mgonjwa miezi wakati ugonjwa wake ungali unapimwa kwa milimita.

“Huo ni ugonjwa wa wazungu.”

Ni kweli wazungu huugua melanoma mara nyingi zaidi kuliko sisi. Melanini nyingi, yaani rangi ya ngozi, huikinga ngozi dhidi ya jua, na jua ndilo chanzo kikuu cha melanoma yao. Lakini ipo aina isiyongoja jua. Huota kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha, na mtu mweusi akipata melanoma, mara nyingi huwa ni hiyo. Wala si habari ya jana. Mwaka 1967 Dkt. Martin Lewis alichapisha utafiti kuhusu melanoma nchini Uganda, na kilichomshughulisha hasa ni nyayo.

Huanza na doa jeusi au la kahawia lisilouma. Kingo zake hazilingani; upande mmoja umekolea, mwingine umefifia. Mwenye nalo hudhani ni damu iliyovilia, au sugu, au rangi ya kiatu iliyoganda. Miezi inapita, doa linapanuka, ngozi ya juu inapasuka na kutoa majimaji yenye damu, na soksi inaanza kunata. Chini ya ukucha huwa ni mstari mweusi unaotoka kwenye shina hadi nchani. Hapa tahadhari: watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa na hawana ugonjwa wowote. Wa kutiliwa shaka ni mstari ulio peke yake, unaopanuka, hasa kwenye kidole gumba, na zaidi ukianza kumwaga weusi kwenye ngozi iliyozunguka ukucha. Jonathan Hutchinson, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliieleza dalili hiyo mwaka 1886, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Ubaya wa dai hili ni kwamba humpoteza hata mhudumu wa afya. Mgonjwa anapewa dawa ya fangasi, kisha antibiotiki, kisha anafungwa bandeji kama mwenye kidonda cha kisukari. Takwimu za Marekani zinaonyesha gharama ya kuchelewa. Ugonjwa ukigunduliwa ungali mahali ulipoanzia, zaidi ya wagonjwa 99 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ukishafika kwenye viungo vya mbali, huwa takriban 35. Na kwa wagonjwa weusi wa huko, wa hatua zote, ni kama 70 kati ya 100, ilhali kwa weupe ni zaidi ya 90. Sababu si moja, ila kuchelewa kugunduliwa ni kubwa miongoni mwake.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino jua ni adui wa kweli, ingawa saratani ya ngozi inayowasumbua zaidi ni nyingine, si melanoma. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, kama ile iliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao, kwao si anasa.

“Kidonda cha mguu kisichopona ni cha kukanyagishwa.”

Wanaoamini hivi wengi ni watu wazima wenye busara zao. Anayesema mgonjwa amekanyaga tego anajaribu kueleza jambo linaloshangaza kweli: kidonda ambacho hakikutokana na mwiba wala msumari, hakiumi sana, na hakisikii dawa. Melanoma ya unyayo ndivyo ilivyo. Kinachoumiza ni tiba inayofuata, yaani kuchanja kwa wembe, kupaka masizi, kufukiza, na kungoja. Masizi yakiingia kwenye chale huacha weusi wao ndani ya ngozi, na daktari atakayekuja kutazama baadaye atapata kazi ya ziada kutofautisha weusi wa dawa na weusi wa ugonjwa. Mwenye imani hiyo simwambii aiache leo. Namwambia akakatwe kinyama cha kupimwa maabara kwanza, mganga hatahama.

“Kansa ikiguswa na kisu inasambaa.”

Kwa maoni yangu hili ndilo dai lililopeleka wengi kaburini. Linaaminika kwa sababu watu wameliona kwa macho yao: fulani alikaa na uvimbe miaka miwili akitembea na kulima, akapelekwa kupasuliwa, na baada ya miezi minne akazikwa. Mtaa mzima ukahitimisha kwamba kisu ndicho kilichomuua. Ambacho mtaa haukukiona ni mtoki uliokuwa umevimba kinenani kabla hajalazwa, na vivimbe vilivyokuwa tayari kwenye mapafu. Kisu kilifika mwisho, kikabebeshwa lawama ya miaka miwili.

Melanoma husambaa yenyewe, bila kuguswa. Mwaka 1970 Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Marekani, alionyesha kwamba mwelekeo wa mgonjwa unategemea sana unene wa melanoma, ukipimwa kwa hadubini kutoka juu ya ngozi hadi kwenye seli ya saratani iliyo chini kabisa. Ikiwa haijafika milimita 1, kwa kawaida upasuaji peke yake hutosha. Ikizidi milimita 4, uwezekano kwamba imeshatuma mbegu mbali ni mkubwa. Tofauti hiyo ya milimita tatu ndiyo mgonjwa anayoinunua kwa kungoja.

Kukatwa kinyama kwenyewe ni jambo la dakika chache. Sehemu chungu ni sindano ya ganzi, maana ngozi ya unyayo ni ngumu na ina hisia kali. Doa likiwa dogo hutolewa lote. Likiwa kubwa hukatwa sehemu iliyo nene au nyeusi zaidi. Kipande kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, kichupa kinaandikwa jina la mgonjwa, tarehe na mahali kilipotolewa, kisha kinakwenda maabara. Wagonjwa waliofuatiliwa baada ya kukatwa sehemu tu ya doa hawakuonekana kufa mapema kuliko waliotolewa doa lote kwa mara moja.

Majibu yakithibitisha, mpasuaji anarudi kukata kwa upana. Hapo huondoa sentimita 1 ya ngozi nzima kuzunguka melanoma isiyozidi milimita 1, na sentimita 2 kwa inayozidi milimita 2. Zamani walikata hadi sentimita 5, mpaka tafiti zilipoonyesha kwamba hakuna haja. Mara nyingine hutolewa pia tezi moja au mbili kinenani au kwapani ili kujua kama ugonjwa umeanza safari.

Lakini kisu kibaya kipo, na wagonjwa wana haki ya kukiogopa. Ni kile kinachoparua “chunjua” na kuitupa kwenye ndoo ya taka, au kung’oa ukucha mweusi bila kupeleka chochote maabara. Juu panapona, na hakuna anayejua kilichobaki chini.

“Bob Marley alikuwa na pesa zote, na hospitali ikamshindwa.”

Mwaka 1977 mwanamuziki huyo aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira. Kidonda chini ya ukucha hakikupona, kikachunguzwa, ikaonekana melanoma. Mpira haukuileta, ulifanya itazamwe. (Wapo wanaosema aliugua kwa kuwa baba yake alikuwa mzungu. Aina aliyokuwa nayo ni hii hii ya nyayo na kucha, isiyohitaji ngozi nyeupe.) Madaktari walimshauri akatwe kidole. Alikataa, na inasimuliwa sana kwamba imani yake ya Kirastafari ilichangia. Alitolewa ukucha na nyama iliyo chini yake, akapandikizwa ngozi, akarudi jukwaani.

Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo na mapafu. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Pittsburgh, tarehe 23 mwezi huo. Baada ya mionzi huko New York alikwenda Bavaria, Ujerumani, kwenye kliniki ya Josef Issels, daktari aliyejulikana kwa kutibu saratani kwa lishe maalumu, kupandisha joto la mwili, chanjo zake mwenyewe, hata kung’oa meno na mafindofindo ya wagonjwa akiamini vinadhoofisha kinga. Alikaa huko miezi kadhaa, akizidi kukonda. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kabla hajafika nyumbani Jamaica.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba kukatwa kidole mwaka 1977 kungemponya. Lakini kumtaja kama shahidi dhidi ya hospitali ni kuigeuza habari yake. Upasuaji alioshauriwa hakufanyiwa kwa ukamilifu wake, na tiba mbadala aliyoifuata mwisho, iliyokuwa maarufu na ya gharama kubwa, haikumwongezea uzima. Dawa za leo za melanoma iliyosambaa hazikuwapo.

“Dawa ya kuchoma inang’oa kansa na mizizi yake.”

Huko Marekani na Australia huuzwa kama “marhamu nyeusi”: mchanganyiko wa mmea wa bloodroot na kloridi ya zinki. Kwetu zipo za aina nyingi, nyingine hazina hata lebo. Hufanya kazi moja, nayo ni kuunguza. Ngozi inakuwa gamba jeusi, gamba linadondoka likiwa na nyama iliyokufa, na mgonjwa anaonyeshwa “mzizi” uliotoka. Dawa hiyo haijui kuchagua. Inachoma nyama nzima na mbovu sawasawa, na haifiki kila mahali. Wapo wagonjwa ambao kovu lilifunga vizuri huku melanoma ikiendelea kukua chini yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imezitaja marhamu hizi miongoni mwa tiba bandia za saratani.

Wauzaji hupenda kumtaja Frederic Mohs, daktari wa Marekani aliyetumia kweli kloridi ya zinki kwa saratani za ngozi kuanzia miaka ya 1930. Hawasemi kwamba Mohs aliitumia kukausha nyama kabla ya kuikata, na kwamba kila tabaka alilokata alilipitisha kwenye hadubini hadi asione seli ya saratani. Kilichoponya ni kisu na hadubini.

“Stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko dawa za kansa.”

Namba hii ina asili yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichuja kemikali kutoka kwenye mbegu za stafeli na kuijaribu kwenye seli za saratani ya utumbo mpana zilizofugwa maabara. Kwa seli hizo, katika jaribio hilo, ilionekana kali mara 10,000 kuliko dawa iitwayo doksorubisini. Hakukuwa na mgonjwa, wala hakukuwa na melanoma. Kuua seli kwenye kisahani si kazi ngumu; hata klorini ya kufulia inaziua. Ugumu ni kuziua ndani ya mtu bila kumuua mtu, na jaribio la namna hiyo lililoonyesha kwamba stafeli huponya melanoma ya binadamu halipo.

Kula stafeli kama tunda, kula. Kunywa mchemsho wa majani yake kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Mwaka 1999 watafiti wa Kifaransa waliripoti kutoka kisiwa cha Guadeloupe wagonjwa wenye kutetemeka na kukakamaa kama wa ugonjwa wa Parkinson, wakahusisha hali hiyo na matumizi makubwa ya matunda na chai ya jamii hii ya mimea. Kemikali iitwayo anonasini, iliyomo humo, hudhuru seli za ubongo.

“Acha sukari, kansa itakufa kwa njaa.”

Haitakufa. Hata usipoweka sukari mdomoni, ini litatengeneza glukosi kutoka kwenye misuli yako, kwa kuwa ubongo unaihitaji. Atakayekonda ni mgonjwa.

“Nimemwona kwa macho yangu aliyepona.”

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni za magari zilienea kilomita kwa kilomita, na shuhuda zilijaa magazetini. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona, na wengine wakafa kwa ugonjwa ule ule waliokwenda kuuacha huko.

Simwiti mtoa ushuhuda mwongo. Nauliza maswali matatu. Je, alikatwa kinyama na maabara ikasema ni melanoma, au doa jeusi liliitwa kansa na muuza dawa mwenyewe? Je, alikwisha kupasuliwa kabla ya kunywa dawa? Mtu aliyetolewa melanoma ya nusu milimita huenda amepona siku ile ile. Chochote atakachokunywa baadaye kitapata sifa. La tatu: waliokunywa dawa ile ile wakafa, ushuhuda wao unatolewa na nani?

“Dripu za kansa zinaua haraka kuliko kansa.”

Tukizungumzia melanoma, dai hili lilikaribia kuwa la haki zamani. Dakabazini, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1975, ilipunguza uvimbe kwa mgonjwa 1 au 2 kati ya 10, na haikuthibitishwa kurefusha maisha. Wengi wa waliofikwa na melanoma iliyosambaa walikufa ndani ya mwaka mmoja.

Mambo yalibadilika mwaka 2011. Ilianza ipilimumabu, kisha mwaka 2014 pembrolizumabu na nivolumabu. Hizi haziui saratani moja kwa moja. Askari wa kinga ya mwili wana breki zinazowazuia kuushambulia mwili wenyewe, na saratani hujificha kwa kuzikanyaga breki hizo. Dawa hizi huziachia. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuziachia breki hizo. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa melanoma iliyosambaa waliopewa ipilimumabu pamoja na nivolumabu, takriban 43 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alitangaza Agosti 2015, akiwa na miaka 90, kwamba melanoma imefika kwenye ini na ubongo. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumabu. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100.

Kuna pia vidonge, kama dabrafenibu na trametinibu, kwa wenye kasoro katika jeni iitwayo BRAF, ambao ni karibu nusu ya wagonjwa weupe lakini wachache zaidi kwa melanoma ya nyayo. Na lazima niseme hili lisilopendeza: dawa za kuachia breki nazo hufanya kazi kwa udhaifu zaidi kwenye melanoma ya nyayo na kucha. Zina madhara pia. Kinga iliyofunguliwa inaweza kushambulia utumbo, ini au mapafu ya mgonjwa mwenyewe. Bei ndiyo inayoniuma zaidi. Marekani matibabu ya mwaka hupita dola 100,000. Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye stoo ya hospitali ya rufaa. Serikali zetu zinapaswa kuzidai kwa pamoja na kwa sauti. Mpaka hapo, upasuaji wa mapema, ambao unawezekana kwa madaktari na vifaa tulivyonavyo, ndio tiba yetu yenye nguvu kuliko zote.

“Dawa yangu inapandisha kinga, kwa hiyo ni kama hiyo hiyo.”

Si hiyo hiyo. Mwenye melanoma kwa kawaida hana upungufu wa kinga unaohitaji “kupandishwa”. Kinga yake imezuiwa mahali maalumu, na mlonge au habbasoda haifungui hapo. Kuna hatari nyingine pia: mgonjwa anayetumia dawa za kinga akianza mitishamba, ini likivimba daktari hajui alaumu kipi, na huenda akasimamisha kile kilichokuwa kinasaidia.

“Makampuni yanaficha dawa za miti.”

Makampuni yanapenda faida, hilo silipingi. Ndiyo maana huiwinda mimea. Vinkristini, dawa ya saratani ya damu kwa watoto, ilitoka kwenye lile ua la Madagaska la waridi na jeupe linalooteshwa mbele ya nyumba nyingi za pwani. Paklitakseli, nayo dawa ya saratani, ilitoka kwenye gome la mti. Mti ungeponya melanoma, wangekuwa wameshaupiga muhuri.

“Madaktari wanakataa kila kisicho cha hospitali.”

Wapo wanaomfokea mgonjwa kwa sababu ya chupa ya dawa ya miti, na wanakosea, maana safari ijayo mgonjwa ataificha. Lakini jambo la kutazama ni kama dawa inaongezwa juu ya tiba au inachukua nafasi yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu saratani za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana, ulikuta waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitali.

Kinachoongezwa kina nafasi yake. Sala na dua, kukandwa, mazoezi mepesi na akyupancha kwa kichefuchefu humsaidia mtu kuvumilia tiba. Chakula nacho kimo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa melanoma waliokuwa kwenye dawa za kinga: waliokula nyuzinyuzi za kutosha walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele, ilhali vidonge vya bakteria wa tumbo vinavyouzwa madukani havikuonyesha faida. Haijathibitishwa kwamba nyuzinyuzi ndizo zilizofanya kazi hiyo, ila maharage, kunde, dona na mboga za majani ni chakula chetu cha kila siku, na hakiuzwi kwa bei ya dawa.

Na ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, bado kuna la kufanya. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, imeonyesha kwamba mofini ya maji ya bei nafuu inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake. Kuondolewa maumivu ni tiba, na mgonjwa asione haya kuidai.

Msomaji, kagua nyayo, viganja na kucha zako, na za wazee wako ambao hawawezi kuinama. Ukikuta doa au mstari unaobadilika, au kidonda kilichozidi mwezi bila kupona, nenda kwa daktari wa ngozi au mpasuaji wa hospitali ya mkoa au ya rufaa. Kama unatumia dawa yoyote ya miti, nenda nayo na umwonyeshe. Ukikatwa kitu, kiwe kidogo namna gani, usitoke chumbani kabla hujauliza kinapelekwa maabara gani na majibu yanatoka lini.